Haki ya Chumba cha Mashariki

Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za gesi
katika mitaa ya Cleveland, Ohio:
nikibisha, nikishuka ngazi za watu hadi gizani,
nikiandika namba, nikiaga.
Sikuuliza nani hulala wapi.

Sasa nimestaafu, nasoma wafu.

Nilianzia makaburini kwetu, Painesville.
Jiwe limeota kuvu, herufi zimelika:
MKE WA PHILIP GILCHRIST. Basi.
Mke wa. Kama usemavyo mpini wa jembe.
Bibi yangu alizoea kusema tumetoka kisiwani,
na mkono wake ukaelekea dirishani, popote pale.

Nikavuka. Kisiwa cha Man, mwezi wa Machi,
mvua inanyesha kwa ubavu.
Bi. Breeshey Quine, mtunza nyaraka,
akaniwekea rejista ya parokia ya Jurby
juu ya mto wa sponji, kama anayemlaza mgonjwa.
"Usilambe kidole," akaniambia.

Gilchrist hakuna.
Siku tatu nzima, Gilchrist hakuna.
Kuna Mylcrist, kuna Mylechrist, kuna McYlchreest,
kila kasisi na sikio lake,
kila kalamu na kiburi chake,
na wazee wangu wasiojua a wala be
wakiitikia kila tahajia.

Siku ya nne, ndoa, mwaka 1819:
Philip Mylchreest na Joney Kewish.

Joney.

Nikamfuata ukurasa kwa ukurasa.
Ubatizo wa watoto watano,
maziko ya wawili, wiki moja, wino mmoja,
na kila mara mama ni Joney Kewish,
Joney Kewish, hata pale kaburini kwa wanawe.
Bi. Breeshey akacheka kwa mshangao wangu:
"Hapa mwanamke aliolewa, jina lake halikuolewa."

Likazama njiani, basi, kati ya huku na kule.

Kisha vitabu vya kodi ya ardhi.
Shamba lilikuwa lake, kalirithi kwa mama yake:
shilingi kumi na nne na peni tatu kwa mwaka.
Mwaka 1827 mstari umepita juu ya jina,
na juu ya mstari, kwa mwandiko wa haraka,
William Kewish. Kaka mtu.

Hati ya mauzo imekunjwa mara nane.
Pauni tisini na mbili, ukuta, kisima, ekari za shayiri,
vyote, vyote, vyote, anasema karani,
halafu anameza mate, anaandika: isipokuwa.
*Isipokuwa chumba cha mashariki,
na njia ya kukifikia,
na moto wa kujipasha,
vitakuwa vya Joney aliyetajwa
siku yoyote atakayorudi.*
Chini yake alama ya mkono wake,
msalaba wenye mguu mmoja uliopinda.

Hakurudi. Hilo nalijua, nimeliona jiwe.
Lakini wosia wa William, miaka kumi na mmoja
baada ya jiwe hilo kusimamishwa,
unampa mwanawe nyumba "pamoja na deni la chumba."
Labda barua ya msiba ilipotea.
Labda ilifika, ikasomwa, ikakunjwa,
na bado hakuna aliyethubutu kuhamishia kitanda humo.

Nyumba ipo. Nikabisha, kama nilivyozoea.
Ewan Teare, mfugaji, hana undugu nasi;
babu yake aliinunua mnadani.
Sikumwonyesha hati. Sikuja kudai.
Nilisema tu naomba kuuona upande wa mashariki.

Chakula cha kondoo, friji mbovu, baiskeli ya mtoto,
dirisha moja dogo.
Akasogeza magunia mawili
nikapata nafasi ya mtu mmoja kusimama.
Namba ya kuandika haikuwepo.
Akanitazama, akaitazama mikono yangu,
akatoka bila neno,
akarudi na hita kuukuu ya umeme,
akapapasa nyuma ya magunia kutafuta soketi.