Anwani

Mama kashika kalamu, fomu iko mezani.
Mstari wa tatu unauliza: Makazi ya mtoto.
Kalamu imeganda. Dirishani
linapita kanisa, wanapita ng'ombe,
anapita mzee anayekojoa ukutani
akidhani mtoni hakuna macho.

"Andika Waal," nasema. "Kesho ufute, uandike Rhine."
Mama anacheka,
lakini si kile kicheko chake cha kila siku.

Chombo chetu ni mita themanini na sita.
Kwa hatua zangu ni mia na arobaini na tatu,
mia na hamsini kama upepo unatoka mbele.
Nakwenda tezi, nakwenda omo,
na marejeo ni jikoni, kwenye viazi.

Nilipokuwa mdogo nilifungwa kamba mgongoni
kama mbuzi wa watu.
Mama aliipima hadi ukingoni,
akaipima tena,
kisha akaikata fupi zaidi.
Siku hizi ni jaketi la kuelea,
hata nikienda kumwaga maganda.

Wiki hii tumebeba ngano.
Nikilaza sikio juu ya mfuniko wa ngama
naisikia ikijipanga, shii, shii,
kama darasa lililoambiwa linyamaze.
Kokoto hazisemi kitu.
Na tukibeba makaa ya mawe, Mama haaniki nguo,
na soksi zangu zinakaukia juu ya injini,
zinanuka dizeli mpaka Jumapili.

Gari letu dogo la kijani linakaa juu, nyuma ya usukani.
Mvua ikinyesha naingia humo.
Baba anaendesha chombo, nami naendesha gari,
wote wawili tunafika Duisburg saa ileile.

Juzi tulisubiri zamu yetu langoni, pale Weurt.
Zdenek, baharia wetu, akanishika mkono tukanunue mkate.
Ardhi ilikuwa ngumu. Haijibu ukiikanyaga.
Mwenye duka akaniuliza, "Nyumbani ni wapi, binti?"
Nikamvuta hadi mlangoni nimwonyeshe,
na nyumbani hapakuwepo.
Maji yalikuwa yameteremshwa,
nyumba imezama kati ya kuta mbili za saruji,
imebaki ncha ya bendera tu
na moshi mwembamba wa chai ya Baba.
"Pale," nikasema.
Akanipa biskuti, kwa huruma nadhani.

Rafiki yangu ni Jorinde. Tulicheza siku tatu
bandarini, vyombo vyetu vimefungwa ubavu kwa ubavu,
tukawa na mlango mmoja.
Tangu hapo tunapishana.
Mwezi wa nne alitokea kwenye kona ya mto,
akakimbia ukingoni mwao, nami mwetu,
akapiga kelele ya neno moja refu.
Injini zikalimeza.
Mpaka leo nalitafuta. Labda ni "nimehama jino".
Labda ni "njoo".

Septemba nitatimiza saba, nitakwenda bweni,
kwenye mji usiosogea.
Kaka Wubbo anakaa huko, anarudi Ijumaa
kwenye gati lolote tulilopata.
Anasema usiku wa kwanza hakulala:
kitanda kimya, kama kimekufa,
akawa anakitikisa kwa mguu mwenyewe.
Hilo sijamwambia Mama.
Nafikiri anajua. Wubbo alikuwa mtoto wake
kabla hajawa kaka yangu.

"Mama, anwani ni pale unapolala
au pale wanapokungoja?"
Hajibu. Anainama, anaandika HENDRIKA
kwa herufi kubwa, kama zile za ubavuni mwetu,
na kwenye kisanduku cha mji
anachora kistari.

"Watakubali?"
"Wakikataa watapiga simu."

Ndipo redio inakoroma juu, kwa Baba,
sauti ya mtu nisiyemjua kabisa:
"Hendrika, Hendrika, lango liko wazi, ingia taratibu."

Mama ananitazama.
Navaa jaketi langu, nifunge kamba ya mbele.