Biti ya Nane

Húsavík, Januari, saa kumi alasiri, giza limeshajikalia.
Steinvör anatuma majina ya marehemu wa parokia
kwenye mashine kuu iliyoko Reykjavík,
kwa waya wa simu, herufi nyuma ya herufi.
Modemu inapiga mluzi, inakoroma, inanyamaza.
Asilimia mia moja, skrini inasema. Imefika.

Njia ya mwongo ni fupi.
Simu inalia. Ni Ásgrímur, kutoka kule:
"Nani huyu, ^urmpur?"

Steinvör anacheka.
Kisha hacheki.
Huyo ni Þuríður, mama yake baba,
aliyeshona nyavu kwa vidole vinane
na kuzikwa ardhi ikiwa ngumu kama chuma.
Sasa herufi yake ya kwanza ni kofia isiyo na kichwa,
ya nne ni m, ya tano p,
na katikati yake hamna mtu.

Anatuma tena.
Anabadilisha waya. Anailaumu theluji.
Anampandia mpangaji wa juu, tafadhali usinyanyue simu,
naye mpangaji, soksi moja mguuni, anaapa hakuigusa.
Anapunguza kasi: elfu mbili na mia nne, elfu moja na mia mbili, mia tatu.
Makosa ni yaleyale,
ila sasa yanafika kwa upole.

Anahesabu. Baiti 41,216 zimetoka,
baiti 41,216 zimeingia.
Hakuna aliyepotea njiani.
Wamefika wote, ila si wao.

Usiku, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
anaandika namba ya Þ: 222. Iliyofika: 94.
Namba ya ð: 240. Iliyofika: 112.
Anatoa, anatoa tena, penseli inavunjika.
Mia na ishirini na nane. Kila mara.
Mwizi gani huyu asiye na tamaa,
anayepita nyumba zote akichukua kitu kilekile,
biti ya nane, ya juu kabisa,
na kuacha mlango umefungwa vizuri?

Asubuhi: "Ásgrímur, huko kwako pameandikwa saba au nane?"
Kimya. Vidole juu ya vitufe.
"Saba," anasema. "Niliikuta hivyo."

Aliikuta hivyo. Na aliyemtangulia naye aliikuta hivyo,
hadi kwa fundi fulani wa mbali
ambaye majina ya kwao yote yalienea kwenye saba,
hakuona sababu ya kuuliza.

Wanaweka nane. Anatuma.
Asilimia mia moja, lakini Steinvör haitazami skrini tena.
"Nisomee," anasema, "kwa mdomo wako."
"Þuríður," anasoma Ásgrímur, taratibu,
kama anayebisha hodi.

Steinvör anavuta pumzi, anafikia kahawa yake.
"Na huyu Hallgrmmur je?"

Huyo ni wa wiki iliyopita.
Kahawa imepoa.
Anafungua droo, anatafuta disketi.