Mlango wa Tatu

Matondoni, Gredi ya Saba, madawati tumeyasukuma ukutani.
Bakora nimeiacha ofisini; mkono unaniwasha.

Famau kainamisha kichwa.
Miwani ya Shekuwe aliivunja yeye,
kule vyooni, mlango wa tatu,
wenzake wakicheka.

"Wataka nini?" namuuliza aliyeumizwa.
Nilidhani: pesa. Nilidhani: mchapeni.

Shekuwe afinya macho, atafute sauti yangu iko wapi.
"Tangu Jumatatu sinywi maji shuleni,
nisije nikabanwa.
Nataka anisindikize. Kila siku. Asimame nje."

Leo nimewaona:
mmoja ndani, mmoja mlangoni,
akikwangua chokaa kwa kucha,
akiwakazia macho wale wale aliocheka nao.

Kisha Shekuwe akatoka, akapapasa hadi mferejini,
akainama,
akanywa mpaka akapaliwa.