Mwenye Picha Hasemi

Jumamosi, saa kumi, nyuma ya duka la fotokopi la Sechelela,
Nkuhungu, pale upepo unapokata kona
ukija na vumbi la watu wote.
Tunachapisha kwa mia tano mia tano,
tunatandaza picha juu ya kreti za soda
na kila moja tunaipa kokoto ya kuilalia,
la sivyo zitaokotwa Kizota.

Vifaa vyetu ni vya kuchekesha.
Simu ya Lechipya ina ufa kwenye lenzi,
kwa hiyo mbingu zake zote zina mshono.
Ijengo, fundi friji, mtu wa Kondoa,
ana kamera kweli, alilipwa badala ya deni,
lakini betri ina pumzi ya picha kumi na mbili tu;
akikosea moja hununa mpaka Jumatatu.
Mimi hupiga kuku. Sijui kwa nini.
Kuku na vivuli vyao.

Kanuni ni moja. Aliileta Sechelela
siku tulipotaka kushikana mashati
kwa ajili ya picha ya sahani ya mlenda:
mwenye picha hasemi.
Akae, asikie, ameze.
Picha ikishindwa kujieleza, wewe si wakili wake.

Basi tunasema.
"Mtoto umemkata miguu, nyumbani atafikaje?"
"Jua umeliweka mgongoni kwake, umempaka masizi bure."
"Zabibu nzuri, ila zimepozi kama za kalenda.
Tafuta ile iliyopasuka, yenye nyigu."
Na kuhusu kuku wangu, siku moja:
"Huyu angalau ana mawazo."
Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Wendo huwapikia uji mafundi
kule yanakoota maghorofa mapya.
Alileta picha moja.
Ukuta wa tofali za udongo, mlango wa bati,
beseni la bluu limeegemezwa likauke,
na ubavuni mwa ukuta, X nyekundu,
rangi imechuruzika hadi chini.

Tukaanza kazi.
"Beseni limekaa," alisema Lechipya.
Ijengo: "Hii ni saa sita mchana. Nuru inakwangua.
Rudi jioni, ukuta utakuwa asali."
Nami, bingwa wa kuku, nikanyoosha kidole:
"Hii alama inapiga kelele, inakula jicho lote.
Ikate. Sogea kushoto, ubaki na mlango na beseni."
Nikaifunika kwa kiganja, waone.
"Mnaona? Picha imepumua."
Wakaona. Wakakubali.

Wendo alikuwa anakwaruza kokoto yake kwa ukucha.
Sechelela alifungua mdomo, akaufunga;
kanuni yake mwenyewe ilimkaba.

Jumamosi iliyofuata hakuja.
Ile nyingine alikuja, na picha moja tena,
akaishika kwa mikono miwili
mpaka kokoto ikapatikana.

Ni jioni kweli. Asali, kama alivyoagizwa.
Uwanja mtupu, bikoni mbili za zege,
nyayo za greda zimepishana kama misuko ya nywele,
na pembeni kabisa, juu ya mkokoteni,
beseni la bluu, limejaa vikombe.

Upepo ulizunguka kona, ukapita, ukarudi.
Ijengo alivua kofia, akaivaa.
"Upeo umenyooka," Lechipya alianza,
sauti ikamfia hapo hapo.
Mimi kiganja changu
sikujua pa kukiweka.

Ndipo Wendo akavunja kanuni.
"Mlisema nirudi jioni," alisema,
bila hasira, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.
"Sasa semeni. Hili beseni,
nililiacha mbali mno, au papo hapo?"

Tukainama. Safari hii tukatazama.
Ijengo akasema mbali mno.
Lechipya akasema hapana, hapo hapo, umbali ndio wenyewe.
Nikasema sijui, na ilikuwa kweli.
Sechelela alitoa taa dirishani, waya ukamfika kiunoni,
na usiku ulitukuta pale
bado tunabishana juu ya beseni.