Swali Lisilo la Somo

Ijumaa jioni. Tukuyu imejifunika mawingu hadi mabegani.
Chumba ni kile nyuma ya duka la mbolea:
kompyuta nne nzima, ya tano inakohoa,
na harufu ya urea imeingia mpaka kwenye vitufe.
Ubaoni nimeandika kwa chaki, nikapigia mstari:
SWALI LIWE LA SOMO.

Somo lilikuwa kitanzi.
"Kitanzi," nikasema, "ni amri inayojirudia
mpaka sharti litimie."
Ambwene akacheka, kwao kitanzi ni cha kunasia kwale.
Nikamtazama. Akameza kicheko.

Tupokigwe akanyoosha mkono.
Yeye hupima parachichi kule Katumba;
buti zake zilikuwa zimeacha ramani ya njia nzima sakafuni.
"Mwalimu, kidole hiki kilikatwa na mkasi wa chai.
Hakikunjiki. Nukta mkato niibonyeze kwa kipi?"
"Chochote. Tuendelee."
Dakika haikupita:
"Na mashine ikisema si kweli, nami najua ni kweli,
nani anakuwa ameshinda?"
Darasa likaguna. Nikagonga ubao kwa rula.
Mara ya tatu hakunyoosha mkono,
alisema tu, kama anayeongea na meza:
"Hivi vitu vinamtaka hata mtu aliyeishia la saba?"
Nikajibu, "Hilo si la leo."

Sikusema ni la lini.

Ijumaa iliyofuata kiti chake kilikaliwa na mkoba wa mtu.
Iliyofuata tena, na ndoo, maana paa linavuja.
Somo likaenda vizuri. Hakuna aliyekatiza.
Kimya kile nikakiita nidhamu.

Usiku, nikimenya viazi, nikakumbuka Mwanjelwa.
Nina miaka kumi na tisa, shati la kuazima,
ghorofa ya pili kwa fundi Mwasanguti, siku ya kwanza.
Saa mbili nzima nimebana.
Wenzangu wanataja vigeu, mimi nahesabu vigae.
Mwishowe mdomo ukafunguka wenyewe:
"Samahani, choo kiko wapi?"
Kicheko kile nakisikia hadi leo.
Mwasanguti hakucheka.
Aliweka chaki chini, akachukua mwavuli,
akanisindikiza uani kwenye mvua, akasubiri,
huku akinisimulia kupitia mlango wa bati
jinsi naye, siku yake ya kwanza,
alivyoogopa kuuliza kama kipanya kinauma.
Nilianza kujifunza hapo, nyuma ya bati lile.
Mengine yalikuja baadaye, na mengi nimeyasahau.

Jumamosi nikapanda Katumba.
Nilimkuta kwenye mizani, penseli sikioni.
"Kilo ngapi?"
"Nimeleta jibu," nikasema. "Vinamtaka."
"Vinamtaka nani?" Akaongeza parachichi moja,
mshale ukayumba. "Mimi nilishasahau, mwalimu."
Hakuwa amesahau. Hata mizani ilijua.
Nikanunua kilo tatu, ngumu kama mawe ya mto.
"Ziache ziive," akasema.
"Hazijibu ukizibonyeza kila saa."

Nimefuta yale maandishi.
Chaki ya siku nyingi haitoki yote;
ukikaa upande wa dirisha bado unasoma SOMO.
Leo mvua imeanza saa nane.
Ambwene yuko mbele, ananifundisha mtego wa kwale,
jinsi kamba inavyozunguka, inavyongoja, inavyoachia,
nami naona aibu kidogo, kwa kuwa vinafanana kabisa,
na ningeliokoa wiki mbili.

Kishindo mlangoni. Buti. Matope.
Tupokigwe ameinua uso juu, hata salamu bado:
"Mwalimu, hili paa linavuja tangu lini?"

Naweka chaki chini.
Naondoa ndoo kwenye kiti.
"Kaa," namwambia. "Hiyo ni habari ndefu."