Nitaliondoa Jumatatu

Newala, saa nane usiku. Ukungu umepanda kutoka bondeni
hadi kwenye nondo za dirisha la chama cha ushirika.
Seva inavuma ndani ya kabati lililokuwa la stakabadhi;
bado lina harufu ya karatasi na magunia.
Nimevaa koti la mlinzi, Nampota. Mnada ni keshokutwa.

Naanza na yanayoonekana.
Seva ilikuwa ikimtajia kila apigaye hodi
jina lake, toleo lake, mwaka iliozaliwa.
Nimeifunza kuitikia, basi.
Ikikosea ilikuwa inamwaga njia zote za ndani
kama mlevi wa uraka anayeelekeza watu kwao.
Sasa inasema: samahani, hakuna kitu hapa.
Milango kumi na mmoja ilikuwa inasikiliza.
Nimeacha miwili, na mmoja unanijua mimi tu.
Nywila, korosho123:
niliicheka, kisha sikucheka tena.

Halafu, katika folda ya picha za mkutano mkuu,
faili: mipangilio-ya-zamani.
Ruhusa ya kusoma: kila mtu,
hata asiyejua Newala iko wapi.
Ndani yake ufunguo wa hifadhidata, na nyuma ya ufunguo
Somoe Likanga wa Kitangari, kilo mia nne na kumi, namba ya benki;
Ajili Mnalolela, kilo sitini, deni la salfa halijaisha.
Watu wa kangomba wangelipa kiasi gani
kujua nani amebanwa mwezi huu?

Juu kabisa, baada ya alama ya reli, mtu ameandika:
"Nimeliweka hapa kwa muda. Nitaliondoa Jumatatu. Z."

Z ni mimi, Zamda.
Jumatatu ile nilikuwa Nachingwea, tunamzika mama.
Jumatatu zilizofuata zilikuwa Jumatatu tu.

Nalifuta. Kufuta hakutoshi;
ufunguo uliokwisha kuonwa ni chuma tu,
kwa hiyo nachonga mwingine, mrefu, usio na korosho ndani.
Kisha mipangilio yenyewe, sita, nne, sifuri:
mwenyewe aandike, wa kundi asome,
wengine wote, sifuri.
Ile sifuri naikaza
kama mama alivyokaza fundo la kanga penye hela ya unga.

Alfajiri Nampota anadai koti lake.
"Kwani mwizi alikuja?"
Sijui, namwambia.
Kumbukumbu za seva zina miaka mitatu.
Niko mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza.
Niachie koti kidogo.