Maji Yanayozoleka

Wahenga, mniwie radhi:
maji yakimwagika nyuma ya jiko langu, hapa Agururu,
huzoleka.
Hutoka tangi la samaki, hupita kwenye kokoto,
hulowesha mizizi ya sukuma, huchuruzika,
na pampu ndogo kama ngumi ya mtoto
huyazoa, huyarudisha,
usiku kucha, kama mtu anayesimulia kisa kimoja
asichoke wala asikimalize.

Miaka ishirini na sita nilitunza maabara ya shule,
nikiosha mirija, nikihesabu darubini,
nikifunga kabati la asidi kwa kufuli mbili.
Waliponistaafisha walinipa saa ya ukutani na soda.
Nikanunua tangi la plastiki, lile la lita elfu,
lililowahi kubeba mafuta ya kula kutoka Malaba,
nikalikata shingo kwa msumeno,
nikalisugua kwa majivu mpaka povu likakoma.

"Unafuga mavi," akasema Nyadoi, mke wangu,
na hakukosea.
Ngege wanakula, wanakunya,
na kwenye kokoto wamo vijidudu vidogo mno,
hata darubini zangu za shule ziliviona kwa taabu,
vinavyoigeuza sumu ile kuwa chakula cha majani.
Nikamweleza. Akanitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Mwaka wa kwanza mboga ziligoma.
Sukuma zikawa njano, mishipa tu ndiyo kijani,
nakati ikadumaa kimo cha kidole.
Jirani yangu Emorut akasema ni kijicho.
Mimi nikaingia jikoni, nikatoka na siki,
nikadondoshea jiwe moja.
Likachemka, likatoa povu kama mbwa mgonjwa.
Chokaa!
Mji mzima umekaa juu ya chokaa,
kiwanda cha saruji kinaipika mchana na usiku,
nami niliileta mwenyewe nyumbani,
toroli kumi na nne, kwa mgongo huu.

Nikazitoa zote.
Nikafuata kokoto nyingine njia ya Busia,
kichupa cha siki mfukoni,
kila rundo nikilionjesha tone,
na wanawake waponda mawe wakashika mbavu:
"Mzee huyu anayatia mawe kachumbari!"

Umeme ulikatika Jumanne.
Kilichoniamsha ni ukimya.
Nilipomulika, samaki wote walikuwa juu,
vinywa mia na ishirini vya mviringo
vikitamka neno moja lisilo na sauti.
Nikachukua jagi. Nikateka, nikainua, nikamwaga,
maana maji yanayoanguka huanguka na hewa.
Teka, inua, mwaga.
Teka, inua.
Saa saba bega likakataa.

Ndipo akatokea, leso kifuani,
mkononi sufuria ya ugali, ile isiyoruhusiwa kuvuka mlango wa jiko.
Hakusema kitu.
Alimwaga kutoka juu kuliko mimi,
na maji yakavunjika vizuri zaidi.
Tukapokezana. Mbu wakatupata, wakala wakashiba.
Mara moja tu, katikati ya usiku, alinong'ona:
"Yule wa mkia uliokatika bado yupo."
Sikujua kuwa anawajua.

Alfajiri pampu ikakohoa, ikatema tope,
ikaendelea na kisa chake pale ilipokiachia.
Tisa walielea, matumbo juu.
Nyadoi akawapanga kwenye sinia kwa ukubwa,
akajinyoosha, mikono kiunoni,
akazitazama sukuma zilizosimama wima
kana kwamba usiku ule haukuzihusu,
kisha akauliza, kisogo kwangu:

"Ile betri uliyokuwa ukiililia,
ni shilingi ngapi?"